Taya Chini ya Kitanda

Randburg, 12 Februari 2017

Yaya Hélène,

Dada yangu, kabla hujasoma mstari wa pili, funga mlango. Nakusihi kwa tumbo lililotuzaa sote wawili: barua hii isome peke yako. Usimsomee jirani, usimsomee hata Mama, na ukimaliza itie kwenye makaa. Sijaua mtu. Lakini ikijulikana nimesema haya nitapoteza kazi, na huku mgeni akipoteza kazi hapotezi kazi tu.

Sasa salamu. Mimi ni mzima. Mama Mdogo Clémentine na Baba Mdogo Jacques ni wazima, ingawa tangu Januari Mama Mdogo amekonda na haendi saluni kwake kusuka kila siku. Nikimuuliza, husema ni joto. Baba Mdogo bado ni mlinzi kwenye duka la samani. Shekinah ana miaka kumi na minne, amenipita urefu. Kiswahili anakielewa chote ila hujibu kwa Kiingereza, hata ukimkaripia. Mama anaendeleaje na miguu? Cherehani yako imetengenezwa?

Utashangaa naandika badala ya kupiga simu. Simu hii alininunulia Mama Mdogo, na huichukua na kusoma ujumbe kama asomavyo bei sokoni. Kuta za nyumba hii ni nyembamba. Octave, dereva wa basi la Lubumbashi, ni mtu wa kuaminika. Mpe majibu yako yeye tu.

Nimepata kazi ya ukarani. Usicheke. Chama kilichoniajiri huandaa mashindano ya vijana ya maarifa ya farasi. Si mbio. Hakuna kamari. Hakuna hata farasi. Watoto huketi katika timu za watu wanne, mbele yao kuna kengele, na mwamuzi anauliza: farasi ana vyumba vingapi tumboni? Rangi hii ya manyoya inaitwaje? Anayejua anabonyeza. Halafu kuna meza ndefu iliyopangwa vitu, nao wanapita kimya mmoja mmoja wakiandika kila kitu ni nini na ni cha kazi gani. Tangu nianze kazi sijasikia hata harufu ya farasi. Msimamizi wetu, Madam Jelimo, Mkenya wa Eldoret, anasema ndiyo maana yenyewe: mtoto wa Soweto ambaye hajawahi kugusa farasi aweze kumshinda mtoto ambaye baba yake ana zizi. Nilipomwambia bado sielewi, alisema, "Carmel, wewe umesoma jiografia. Ulifika Japani?"

Jambo lenyewe ni hili. Mvua imetoboa paa la ofisi. Vitu vya ile meza ya mashindano vimo ndani ya sanduku la bati, na Madam amenikabidhi nikae nalo nyumbani mpaka siku ya mashindano, Jumamosi ya tarehe 8 Aprili. "Usimwonyeshe mtu, hata mama yako," alisema. Basi vilivyomo sikuandikii hata wewe. Liko chini ya kitanda changu, na ufunguo uko ndani ya Biblia.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba Shekinah yumo kwenye timu ya shule yake. Sikumwambia Madam kwamba ni binti wa mama mdogo wangu na kwamba tunalala chumba kimoja. Niliogopa atamwondoa mtoto, au ataniondoa mimi. Muda wangu wa majaribio unakwisha siku hiyohiyo ya mashindano. Mambo yakienda sawa, Madam atatia saini niajiriwe kabisa, na bila saini hiyo sijui karatasi zangu za kukaa nchi hii nitazifanyia nini.

Sijui kama nimefanya vizuri. Niandikie unionavyo.

Mdogo wako,
Carmel


Lubumbashi, 3 Machi 2017

Carmel mdogo wangu,

Tumepokea salamu zako. Mama anakusalimia, miguu imepungua kuvimba. Cherehani inafanya kazi ila inapiga kelele kama mbuzi. Mtoto wangu Exaucé ameota meno mawili na ananiuma nayo. Mvua hapa hazijaisha, barabara ya kwetu imekuwa mto.

Barua nimeichoma kama ulivyosema, lakini kwanza niliisoma mara tatu, na mara zote tatu sikuelewa. Mashindano ya farasi, farasi hayupo. Sasa huyo anayeshindaniwa yuko wapi? Ni sawa na kuwaita watu kwenye harusi, wale wali, wacheze, na hakuna anayeolewa. Nilitaka kumuuliza mwalimu wa mtoto wangu mkubwa, nikakumbuka uliniapisha, nikanyamaza na mdomo unaniwasha.

Mama Mdogo amenipigia simu. Tuliongea mambo ya kawaida.

Carmel, nakuuliza kama dada. Unasali? Unalala vizuri? Kule kuna watu uliofahamiana nao ambao sisi hatuwajui? Nauliza tu. Mtu mwenye akili anaweza kuweka meno ndani ya chumba anacholala? Na nywele zile ndefu, na ile chupa? Kama kuna mtu amekupa kitu ukae nacho, mrudishie. Hata akiwa mkubwa wako. Kazi zipo nyingi.

Usikasirike. Kula vizuri. Mama Mdogo ni mama yako huko, umheshimu.

Yaya wako,
Hélène


Randburg, 7 Machi 2017

Yaya,

Barua yako bado haijafika, labda basi limekwama mpakani Kasumbalesa, lakini siwezi kusubiri. Nisalimie Mama. Mwambie nimepona kabisa kikohozi kile.

Sanduku halipo.

Jana nilirudi kutoka kazini, nikainama kufagia, nikaona sakafu tupu mpaka ukutani. Biblia ipo, ufunguo haumo. Dirisha halijavunjwa. Televisheni ipo, redio ipo, viatu vipya vya Baba Mdogo vipo. Mwizi gani wa Johannesburg anaacha televisheni?

Siwezi kuuliza wazi, maana nikisema ni sanduku gani nitaulizwa lina nini, na Shekinah atasikia. Nilizunguka. Mama Mdogo alikuwa anachambua maharage.

"Mama Mdogo, kuna mtu aliingia chumbani kwetu?"

"Kwani umepoteza kitu?"

"Hapana."

"Basi kama hujapoteza, hakuna aliyeingia."

Akaendelea kuchambua. Nilisimama pale kama mtoto aliyesahau ametumwa nini.

Nilimgeukia Shekinah. Nilimkuta amelala kifudifudi anakariri majina ya nyasi. Nikamwuliza kama amesogeza kitu changu chochote. Akanitazama na macho makubwa, akasema "Eish, sista, no," kisha akaongeza maneno mengi ya Kiingereza kwamba mama yake amemkataza kuzungumza na mimi mambo ya farasi. Kwa nini amemkataza? Hajui. Yaya, mimi nadhani ni yeye aliyelichukua. Ni mtoto mwema, lakini anataka kushinda kupita kiasi. Akiwa amefungua, amekwishaona vyote, na mashindano yameharibika kwa mkono wangu.

Nyumba yenyewe siielewi siku hizi. Mama Mdogo amemwaga chumvi kwenye pembe za chumba chetu, anasema ni ya mchwa. Kitanda cha Shekinah kimehamishiwa sebuleni. Jumapili kanisani, kule Marshalltown, Mchungaji Marcellin alihubiri juu ya "wale wanaokula wenzao wakiwa wamelala," halafu akaniita mbele, akina mama wakanizunguka wakanisukumasukuma kichwa wakiomba kwa sauti kubwa. Nilishukuru sana. Nilidhani Mama Mdogo amewaambia juu ya muda wangu wa majaribio. Nilipotaka kumkumbatia mmoja wao baada ya sala, alirudi nyuma.

Madam Jelimo ameniuliza leo, "Sanduku letu salama?" Nikasema, "Salama, Madam." Sasa mimi ni mwongo pia.

Nifanye nini?

Carmel


Randburg, 20 Machi 2017

Yaya,

Leo Octave ameniletea barua yako ya tarehe 3. Sina salamu, samahani. Namwomba asubiri nje wakati naandika, karatasi nimeiegemeza ukutani.

Umejuaje meno? Umejuaje nywele? Umejuaje kuna chupa? Sikukuandikia kilichomo. Sikumwandikia mtu.

Carmel


Lubumbashi, 28 Machi 2017

Mdogo wangu,

Barua zako mbili zimefika pamoja. Exaucé anaumwa mafua, si vibaya. Mama hali chakula vizuri, na nitakwambia kwa nini.

Nimekaa na kalamu hii tangu asubuhi. Wateja wamekuja, nimewaambia warudi kesho. Kuna jambo ambalo Mama Mdogo aliniapisha nisiliseme, na si langu, ni la mwili wake. Hilo sitaliandika. Yanayobaki nayaandika, na Mungu anisamehe.

Sanduku hakulichukua Shekinah. Mama Mdogo alikuwa anatandika vitanda, akachukua Biblia yako asome zaburi, ufunguo ukaanguka. Akafungua. Akanipigia simu analia hata sikumtambua sauti. Alikuta taya la kitu kikubwa na meno yake yote. Alikuta nywele ndefu nyeusi zimefungwa kwa uzi mwekundu. Alikuta ukwato uliokatwa, na mifupa, na chupa yenye minyoo minene ndani ya maji. Chini ya kitanda cha binti wa dada yake, katika chumba ambamo mwanawe analala.

Alifunga kula, akasali siku nyingi, halafu Baba Mdogo Jacques akabeba sanduku usiku wa zamu yake mpaka kwa Mchungaji Marcellin. Liko huko. Wanalimwagia mafuta na kulikemea. Jumapili ya Matawi watalichoma mbele ya kanisa lote, na wewe utaitwa utubu. Wamekubaliana wasikwambie kabla, usije ukakimbia.

Mama amejua. Si kutoka kwangu. Amekaa kwenye kiti tangu Jumatatu, na akiulizwa kitu anasema, "Mwacheni mtoto wangu."

Wewe mwenyewe ulinificha kilichomo. Uliniandikia farasi bila farasi. Kwa hiyo nakuuliza, usinilaumu: Carmel, wewe ni mchawi? Niandikie neno moja tu, ndiyo au hapana, nami nitaliamini.

Hélène


Randburg, 10 Aprili 2017

Yaya Hélène,

Hapana.

Salamu kwa Mama. Mwambie ainuke kwenye kiti, aoge, ale. Mwambie ni farasi. Ni farasi tu, Yaya! Taya ni la farasi, watoto husoma umri wake kwenye meno. Nywele ni singa za mkiani. Ukwato ni ukwato. Na minyoo ile ni mabuu ya inzi yanayokaa tumboni mwa farasi, yamehifadhiwa ndani ya spiriti ili watoto wayatambue. Pamoja navyo kulikuwa na lijamu, yaani chuma cha kuweka mdomoni mwa farasi, na brashi na nyasi za aina tatu. Vitu hivyo Mama Mdogo hakukutajia. Nadhani hakuviona. Mimi pia, mara ya kwanza Madam aliponifungulia, niliona taya tu.

Barua yako ilinifikia Alhamisi mchana, siku mbili kabla ya mashindano. Niliisoma nimesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, zikabadilika mara kadhaa na magari yakanipigia honi kwa sababu sikuvuka wala sikurudi. Nilicheka kwa sauti.

Nilikwenda moja kwa moja Marshalltown, kwenye saluni. Mama Mdogo alikuwa anasuka mteja, mama mnene wa Kizulu, na Shekinah, kwa kuwa shule zimefungwa, alikuwa anamgawia nyuzi za nywele.

"Mama Mdogo, naomba vitu vyangu."

Hakuinua macho. "Vyako? Basi umekiri ni vyako."

"Ni vya ofisi."

"Ofisi gani inafuga minyoo kwenye chupa?"

"Ofisi ya farasi."

"Mjini hapa kuna farasi?"

"Hakuna. Ndiyo mashindano yenyewe. Shekinah, mwambie mama yako!"

Shekinah alifungua mdomo, mama yake akamtazama, akaufunga. Yule mteja akauliza kwa Kizulu chake kama atamaliziwa kichwa leo au aende na nusu.

Nikasema, "Nakwenda kwa Mchungaji." Mama Mdogo akaangusha kitana. Akaja nyuma yangu na aproni yake, na Shekinah nyuma yake, na mteja tukamwacha na nusu ya kichwa.

Mchungaji Marcellin siku za wiki ni fundi wa suti, katika chumba kilekile cha ghorofa ya tatu tunamosalia. Alikuwa anapiga pasi suruali. Alinikaribisha kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Sanduku lilikuwa kwenye kona, limefunikwa kitambaa cheupe, na sakafu pale inateleza kwa mafuta.

Nikaeleza yote, polepole, kama ninavyoeleza kwa simu za kazini. Akasikiliza mpaka mwisho na pasi mkononi.

"Dada Carmel," alisema, "mashindano ya farasi yasiyo na farasi? Hata shetani mwenyewe angetunga uongo mzuri kuliko huo."

"Mpigie simu msimamizi wangu."

"Na huyo nani atamthibitisha? Utanipigia mtu wako, aseme maneno yako."

Ndipo nilipojua kwamba sina shahidi hata mmoja katika jiji zima, isipokuwa mmoja, naye alikuwa amesimama mlangoni. Yaya, hapo nilichanganyikiwa kuliko siku zote. Shekinah akitazama ndani ya sanduku na kusema kila kitu ni nini, jina langu litasafishika. Lakini mshindani akiviona vitu kabla ya siku, ameondoka mashindanoni, na karani aliyeruhusu ameondoka kazini. Shekinah amekariri tangu mwaka jana. Ana picha za mifupa juu ya friji. Nikasema, "Shekinah, geuka. Usitazame. Nitatafuta njia nyingine."

Mama Mdogo akadakia, "Kwa nini asitazame? Unaogopa nini?"

Nilimshika Shekinah bega nimgeuze.

Shekinah alinitazama, akamtazama mama yake. Akasema kwa Kiswahili, mara ya kwanza namsikia akisema sentensi nzima: "Sista Carmel si mchawi. Mimi nitaonyesha." Akapita katikati yetu, akavuta kitambaa.

Alichukua taya kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mtoto. Akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akaanza kusema kwa Kiingereza, nami nikatafsiri. Huyu alikuwa na miaka mitano hivi, kwa sababu meno ya kona yameota yote na bado makali. Huyu alikuwa dume, kwa sababu ana meno haya madogo ya pembeni, ambayo majike wengi hawana. Huu ni mfupa wa mguu wa mbele chini ya goti. Nywele hizi ni za mkia, si za shingo, kwa kuwa ni nene. Hawa ni mabuu, huingia kwa mdomo, wakikua hutoka na mavi. Alipofika kwenye lijamu aliweka mdomoni mwa taya, pale penye nafasi isiyo na meno, ikakaa kana kwamba imerudi nyumbani.

Pasi aliyoisahau ilikuwa inaunguza suruali ya mtu.

Mchungaji akainyanyua pasi, akatazama tundu, akatutazama sisi. "Kumbe muda wote huu," alisema, "nimekuwa nikimkemea farasi!" Akacheka mpaka akakaa juu ya mashine yake. Ni mtu mzuri, Yaya. Aliomba msamaha palepale, akatutafutia sabuni, akaosha taya na mifupa kwa mkono wake; ukwato mafuta yalikuwa yameshauingia.

Mama Mdogo hakucheka. Alishika ile chupa muda mrefu akiitazama, akaiweka chini, akasema, "Basi sawa." Akarudi kwa mteja wake.

Ijumaa nilikwenda kwa Madam Jelimo nikasema yote, pamoja na kwamba Shekinah ni mtoto wa mama mdogo wangu. Akavua miwani.

"Wacha we! Hata kwetu, ukificha taya chini ya kitanda watakuita majina. Lakini Carmel, ungeniambia huyo msichana ni wenu, sanduku ningeliweka kwangu. Ulidhani nitafanya nini?"

"Sijui, Madam."

"Shida yako ni hiyo. Hujui, na hutaki kuuliza."

Shekinah aliondolewa. Jumamosi alikaa kwenye viti vya watazamaji na sare yake ya timu, na kila swali likiulizwa nilimwona midomo ikicheza. Timu yake ilitolewa mapema. Mwamuzi, mzee mmoja Kaburu, aliusifu ukwato wetu mbele ya watu wote, akauliza ni nani ameupaka mafuta vizuri namna ile, ndivyo unavyotakiwa utunzwe. Madam alikohoa kwenye leso. Jioni alitia saini. Kazi ninayo.

Jana, Jumapili ya Matawi, Mchungaji alisimama akatangaza kwamba Dada Carmel hana kosa lolote. Watu wakapiga makofi. Tuliporudi nyumbani nilipika, wali na majani ya sombe, kama siku zote. Baba Mdogo alisema ameshiba. Mama Mdogo alisema tumbo halimtaki. Shekinah alichukua sahani, mama yake akamwita chumbani, akairudisha. Nilikula peke yangu mezani, sufuria nzima mbele yangu.

Sielewi. Wameona kwa macho yao. Mchungaji amesema. Ni kitu gani kingine wanataka wakione?

Umeniuliza swali, nimekujibu kwa neno moja kama ulivyotaka. Sasa nami nina langu. Mama Mdogo alipokupigia simu, lazima alikuuliza kama unadhani mimi ni mchawi. Wewe umenijua tangu siku niliyozaliwa. Ulimjibu nini?

Carmel


Lubumbashi, 30 Aprili 2017

Carmel,

Exaucé amepona. Mama ameondoka kwenye kiti, anakula, anawaambia watu wote barabarani kwamba mwanawe ni mkubwa wa farasi. Usijali, hawaelewi.

Mama Mdogo ameniruhusu nikwambie, au tuseme nilimlazimisha. Alikuwa na mimba. Miaka yote hii baada ya Shekinah, akapata tena, miezi minne. Wewe ulihamia kwao Desemba, Januari ikatoka. Hakumwambia mtu ila mimi na Baba Mdogo. Alilazwa siku mbili, wewe ukaambiwa amekwenda kusali mlimani. Alikuwa anatafuta sababu mchana na usiku, halafu akainama kutandika kitanda chako. Anajua ni farasi, Carmel. Ameniambia, "Najua ni farasi." Lakini anasema akitoa farasi, hana kitu cha kuweka mahali pake.

Na hilo uliloniuliza.

Nilimwambia: sijui.

Nilikuwa na nguo ya mteja mapajani, mtoto analia, naye analia kwenye simu, akasema, "Hélène, wewe ni dada yake, niambie siyo." Ningeweza kusema siyo. Nilifikiri uko mbali, nilifikiri miaka miwili sijakuona, nilifikiri watu hubadilika huko. Nikasema sijui. Nadhani ningesema siyo, wasingelibeba sanduku.

Juni nitapanda basi na Octave kuja kununua vitambaa. Sitafikia kwa Mama Mdogo. Niambie nikupate wapi. Kama hutaki, nitanunua vitambaa nirudi.

Hélène


Soweto, 21 Mei 2017

Yaya Hélène,

Mama msalimie sana, na watoto.

Barua yako nilikaa nayo kabla ya kujibu, si kwa sababu ya basi. Mimba ile nimeilia. Nilimwandikia Mama Mdogo karatasi ndogo ya pole, nikaiacha juu ya meza, na siku ya pili haikuwepo. Shekinah ananiambia mama yake ameitia ndani ya Biblia yake.

Nimehama. Hakuna aliyenifukuza. Siku niliyobeba begi, Baba Mdogo alinisaidia mpaka barabarani, akanipa mkono, akausahau ndani ya wangu kidogo. Nalala chumba cha nyuma kwa Masika, dada wa Octave, mwenye spaza, kiduka cha mtaani, huku Soweto. Natoka mapema kwenda Randburg, ni mbali, lakini kazi inaendelea. Shekinah amejiandikisha kwa mashindano ya mwakani. Madam amesema sanduku litakaa kwake.

Juu ya ile "sijui" yako sina la kuandika bado. Nimejaribu mara kadhaa, nikapasua. Labda mdomo utaweza.

Ukifika kituo kikuu, usitoke nje na watu wanaokuvuta mkono. Subiri Octave amalize kushusha mizigo, atakupeleka kwenye taksi za Soweto na kumwambia dereva akushushe penye robot ya pili baada ya daraja. Vuka. Utaona spaza yenye lango la buluu na tangazo la maziwa. Usiulize kwa Kifaransa. Waliokaa nje wasalimie, kisha umwulize Masika, usilitaje jina langu mpaka akuingize ndani. Jumamosi mchana nipo, Jumapili nipo siku nzima, siku nyingine narudi giza likiingia. Simu usipige, namba ile nimemrudishia Mama Mdogo. Mlango wangu ni wa mwisho, baada ya bomba. Gonga, halafu taja jina lako lote, kwa sauti, usiseme "ni mimi." Nikilisikia nitafungua.

Carmel